Friza imeacha kugandisha, risiti sina, muuzaji kanigomea. Nina haki gani?

"Habari. Mimi nauza barafu, juisi na ubuyu wa kugandisha hapa nyumbani Mbagala. Siku kumi na moja zilizopita nilinunua friza mpya ya lita 200 Kariakoo. Muuzaji alinipa bei mbili, 860,000 na risiti au 790,000 bila risiti, nikachukua ya 790,000. Laki tano nilituma kwa simu kwenye namba aliyonitajia kijana wa dukani, jina lililotokea sio la duka, hiyo nyingine nikatoa keshi. Mzigo ukaletwa na kirikuu. Imefanya kazi siku nane, ya tisa ikawa inanguruma tu haigandishi. Nimempigia muuzaji anasema nije na risiti, nikamwambia si hukunipa, akasema basi hakuna namna, na ukutani wameandika mali ikishauzwa hairudishwi. Tena anasema umeme wa Mbagala ndo umeua. Fundi wa mtaani anasema gesi imeisha, anataka 70,000 aongeze. Mume wangu anataka twende polisi, shoga yangu anasema nisamehe tu, bila risiti sina haki. Hela ni ya kikoba na marejesho yanaanza mwezi ujao. Nina haki yoyote hapa?"

Dada pole sana. Kabla sijaanza maelezo kuna kitu cha haraka, huyo fundi asiifungue hiyo friza. Hata kama ni fundi mzuri, hata kama ni jirani, hata kama hiyo 70,000 unayo mkononi. Sababu nitakueleza huko mbele ila kwa leo ichomoe kwenye umeme, iache imesimama hapohapo ilipo, na mtu yeyote asiisogelee na bisibisi.

Mimi ni msaidizi wa kisheria na kesi za namna hii ni kati ya zile ninazokutana nazo sana, simu, subwoofer, pasi, magodoro, mafriji. Na karibu kila mtu anakuja na wazo lilelile alilokwambia shoga yako, kwamba risiti ndo haki yenyewe, ukiwa nayo unayo, ukiikosa imekwisha. Sio hivyo. Risiti ni ushahidi kwamba mliuziana, lakini haki yako imetoka kwenye mauziano yenyewe, pale ulipotoa hela na yeye akakupa mzigo. Mtu akipoteza cheti cha kuzaliwa hajaacha kuzaliwa, atasumbuka tu kuthibitisha. Wewe ndo uko hapo, una kazi ya kuthibitisha, na kwa unavyoeleza ushahidi unao mwingi kuliko unavyodhani.

Tuanze na sheria kidogo halafu tutarudi dukani. Tanzania tuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ni ya zamani sana, ya enzi za mkoloni, lakini inafanya kazi mpaka leo. Inakubali mauziano ya maandishi na inakubali mauziano ya mdomo, na ukishalipa na kupokea mzigo, kukosa karatasi hakufuti mauziano. Alafu inasema kitu ambacho wauzaji wengi hawakisemi, kwamba ukinunua kwa mtu ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, basi ndani ya mauziano kuna sharti hata kama hamkulitamka, kwamba bidhaa iwe na ubora wa kufaa kuuzwa kwa hilo jina lake. Umeuziwa friza, basi iwe friza. Friza isiyogandisha ni kabati la bati. Na kama ulimwambia kabisa nataka ya kugandisha barafu za biashara, na yeye akakuchagulia akasema chukua hii inakufaa, hapo kuna sharti la pili, kwamba ifae kwa kazi uliyomtajia na ukamwamini. Jaribu kukumbuka mlivyoongea siku ile, uandike pembeni kabla hujasahau, maneno yake na yako.

Kuna mipaka pia. Kama ungekuwa unalalamikia mlango umebonyea au rangi imechubuka, na siku ya kununua uliikagua ukaridhika, sheria isingekubeba, maana kasoro ambayo jicho lako lingeiona pale dukani inahesabika umeipokea. Na kama friza ingekuwa nzima ila umeichoka tu au umeona ya bei rahisi duka la jirani, muuzaji halazimiki kuirudisha, akikubali ni hisani yake. Watu wengi wanachanganya hapa ndo maana wauzaji nao wanakuwa wakali, wamezoea kusumbuliwa na watu waliobadilisha mawazo. Lako sio hilo. Yako ni kasoro iliyojificha ndani ya mashine, hakuna mteja anayeweza kuiona kwa kufungua mlango na kufunga.

Sasa sehemu ambayo naomba uisome mara mbili, muda. Hiyo sheria inampa mnunuzi haki ya kuikataa bidhaa mbovu na kudai hela yake, lakini haki hiyo inaisha pale anapohesabika ameikubali bidhaa. Kuikubali sio lazima utamke, ukikaa nayo muda wa kutosha bila kusema kwamba umeikataa unahesabika umekubali, na ukiifanyia jambo ambalo ni mwenye mali tu anaweza kulifanya, nalo linaweza kuhesabika umekubali. Ukishafika hapo hujakosa kila kitu lakini unashuka daraja, unabaki kudai fidia ya ubovu, huwezi tena kusema chukua mali yako nipe changu. Na sheria haijataja siku, sio saba wala thelathini, inasema muda unaofaa, na unaofaa kwa friza sio unaofaa kwa nyanya. Friza iliyokufa siku ya tisa na ukalalamika siku hiyohiyo au kesho yake bado uko ndani kwa mtazamo wangu, lakini umelalamika kwa mdomo kwenye simu, na simu haibaki mahali. Ndo maana nataka leo hii uandike meseji.

Na ndo maana pia fundi asiguse. Akishafungua akajaza gesi, muuzaji ana jibu zuri sana, atasema mliifungua wenyewe, mimi nilikupa nzima fundi wenu kaiharibu, na hakuna mtu atakayeweza kumpinga kwa uhakika kwa sababu hali ya mwanzo imeshapotea. Na kwenye nyingi kuna stika ndogo ya waranti sehemu ya nyuma, ikichanika wanakwambia waranti imekufa. Tena kiufundi gesi ya friji haiishi kama mafuta ya gari, inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa miaka na miaka. Kama imepungua siku ya tisa basi inavuja mahali, na ukijaza bila kuziba panapovuja utalipa 70,000 leo na nyingine mwezi ujao. Inawezekana pia sio gesi kabisa, inaweza kuwa rilei (kifaa kinachoiwasha kompresa), themostati (kinachopima baridi) au kompresa yenyewe, ile mota inayosukuma gesi. Fundi aliyesikiliza tu muungurumo hajapima, amekisia.

Hilo la umeme wa Mbagala usilichukulie juujuu maana ndo hoja yake yenye nguvu. Ni kweli umeme ukishuka sana kompresa inahangaika kuwaka, inapata moto, na ikirudiwarudiwa inaungua. Umeme ukikatika na kurudi ghafla pia ni hatari, kompresa inataka dakika kadhaa za kupumzika kabla ya kuwaka tena, ndo kazi ya friji gadi, inachelewesha umeme. Kwahiyo jiulize mapema, ulikuwa na friji gadi? Kama unayo ipige picha ilivyochomekwa. Kama huna usidanganye, sema huna, lakini muulize na yeye, wakati ananiuzia aliniambia nisiiwashe bila friji gadi? Na vitu vingine vya ndani je, televisheni, feni, friji ya jirani mnayeshea luku, vimepata shida siku hizo? Kama kila kitu kizima isipokuwa friza mpya, hoja ya umeme inapungua nguvu, haifi lakini inapungua.

Jambo la pili atakalokuuliza ni friza ilivyosafirishwa. Kama kwenye kirikuu waliilaza, mafuta ya kompresa yanahama kwenda kwenye mabomba, na inatakiwa ukifika uisimamishe ikae masaa kadhaa ndo uwashe. Wengi hawaambiwi. Lakini angalia, kirikuu alitafutiwa na nani? Kama kijana wa dukani ndo alimwita na wao ndo walipakia na kulaza, basi wa kubeba hasara hiyo ni wao, au angalau huwezi kubebeshwa wewe peke yako. La tatu atauliza kama ulitumia kisu kubandua barafu. Hapo kuwa mkweli kwa nafsi yako. Friza nyingi zina mabomba membamba nyuma tu ya ukuta wa ndani, ncha ya kisu ikitoboa gesi yote inatoka, na hilo ni kosa la mtumiaji sio la muuzaji. Kama hukutumia, piga picha za ndani pande zote nne na chini, karibu, zenye mwanga, kuonesha hakuna tundu wala mkwaruzo. Hizo picha zitaokoa ubishi wa nusu saa.

Tuje kwenye ushahidi. Una meseji ya muamala wa laki tano. Usiifute, ipige picha, na kama umeshaifuta nenda ofisi ya mtandao wako na kitambulisho uombe taarifa ya miamala ya siku ile, wanatoa. Jina kuwa sio la duka halikuui, ni kawaida Kariakoo hela kuingia kwa mdogo wake au kwa kijana wa kaunta, kinachotakiwa ni kuunganisha hilo jina na duka. Dereva wa kirikuu ni shahidi, alipakia duka gani, mzigo gani, saa ngapi, akaushusha wapi. Mtafute uwe na namba yake, na kama ulimlipa kwa simu huo nao ni muamala wenye tarehe. Nyuma ya friza kuna stika yenye modeli na siriali namba, ipige picha, na kama boksi bado unalo usilitupe. Maduka mengi yanaandika siriali kwenye daftari la stoo au kwenye noti waliyopokelea mzigo kwa muagizaji, na hiyo namba ni moja tu duniani kwa friza yako. Ndo kitu kinachomfanya asiweze kusema hii sio ya kwangu.

Lakini ushahidi mkubwa kuliko wote umeniandikia mwenyewe bila kujua. Huyo muuzaji hajakataa kwamba amekuuzia! Amesema lete risiti, na amesema umeme wenu ndo umeua. Mtu ambaye hajakuuzia asingesema umeme umeua, angesema sikujui. Kwahiyo kazi yako ni kuyatoa hayo maneno kwenye hewa uyaweke kwenye maandishi. Mtumie meseji ya kawaida au WhatsApp, kwa heshima, bila matusi bila vitisho, mfano hivi:

"Habari kaka. Mimi ni yule mteja wa Mbagala niliyenunua kwako friza ya lita 200 tarehe fulani kwa shilingi 790,000, laki tano nikatuma kwa simu kwenye namba uliyonipa na 290,000 nikakupa mkononi. Siriali yake ni hii. Tarehe fulani iliacha kugandisha nikakupigia siku hiyohiyo. Sijaifungua wala fundi hajaigusa. Siikubali kwa hali hii na naomba unibadilishie au unirudishie hela yangu. Naomba unijibu lini naweza kuja tukamalize, au umtume fundi wako aje aiangalie nikiwepo."

Weka tarehe zako za kweli. Hayo maneno siikubali kwa hali hii ndo yanayobeba uzito, ndo yanasimamisha ule muda niliokueleza. Akijibu bila kukana kwamba alikuuzia, hata akijibu kwa hasira kwamba nilikwambia umeme wenu mbovu, amethibitisha mauziano. Asipojibu una meseji yenye tarehe inayoonesha umelalamika mapema. Na meseji ni ushahidi mbele ya sheria, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeshamaliza huo ubishi, kwahiyo usidhani mpaka iwe karatasi yenye muhuri.

Kuhusu kile kibao cha ukutani, mali ikishauzwa hairudishwi. Kinawatisha watu wengi mno, na mimi kinaniumiza kwa sababu wanaogeuza shingo wakakubali hasara ni walewale wenye hela za mkopo. Kwa mtu aliyebadilisha mawazo kibao kiko sawa. Kwa bidhaa mbovu hakimpi muuzaji ruhusa ya kukuuzia kitu kisichofanya kazi akakaa na hela. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, yaani mteja kama wewe, na kumpotosha kuhusu haki na dhamana alizonazo kisheria kumo humohumo. Sheria hiyo ndo iliyounda Tume ya Ushindani, FCC, ambayo moja ya kazi zake ni kumlinda mlaji. Huna haja ya kubishana na kibao pale dukani, sema tu kwa upole kaka sijaja kurudisha mali nzima, nimekuja na mali mbovu.

Na waranti? Wauzaji wanapenda kusema waranti ni ya kampuni, nenda kwa kampuni. Waranti ya mtengenezaji ni kitu cha ziada, ni ahadi yake yeye. Hela yako ulimpa mwenye duka, mkataba wako ni na mwenye duka, yeye ndo wa kwanza kujibu na akishamalizana na wewe atajuana na aliyemletea mzigo. Ila ukipata kituo cha huduma cha brandi hiyo hapa Dar ambacho kinakubali siriali bila risiti, na wakati mwingine wanakubali kwa kuangalia mwaka wa kutengenezwa, sio vibaya kukitumia, hasa kama kinatoa karatasi ya ukaguzi. Karatasi ya fundi wa kampuni inayosema hii ni kasoro ya kiwandani ina nguvu kubwa.

Sasa ile bei mbili. Nimeiacha mpaka hapa kwa sababu nadhani ndo inayokunyima usingizi, na sitakuficha. Mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kodi, zimekuwepo tangu 2010 na sheria ya kodi inamtaka muuzaji atoe risiti, na pia inamtaka mnunuzi aidai. Kwahiyo ulipochukua ile ya 790,000 ulikosea na wewe, sio yeye peke yake. Kosa hilo ni la mambo ya kodi, halifuti ukweli kwamba mliuziana na halimpi yeye zawadi ya kukuuzia kibovu. Aliyeweka bei mbili mezani ni yeye, hawezi leo kutumia risiti ambayo hakuitoa kama ngao. Lakini linakupunguzia sauti, na ndo maana nakuomba usiende pale ukaanza na nitakupeleka TRA, mamlaka ya mapato. Kwanza unajitaja na wewe, pili mtu akitishiwa kodi anafunga mlango wa maelewano anaanza kujilinda, anakana kila kitu. Nimeona mazungumzo yaliyokuwa yanaelekea pazuri yakafa kwa hiyo sentensi moja.

Polisi pia, mwambie shemeji asubiri. Najua ana hasira na ni haki yake kuwa nazo, lakini kuuziwa kitu kibovu kwa kawaida ni madai, sio jinai. Mtaenda kituo cha polisi Msimbazi, pale Kariakoo, mtaambiwa hili ni la madai nendeni mahakamani, mmepoteza siku na nauli. Ingekuwa wamekuuzia ya zamani iliyopakwa rangi wakasema mpya, au brandi feki, au wamekutishia kukupiga, hapo habari inabadilika.

Kwenda dukani nenda asubuhi siku ya kazi, sio Jumamosi, sio mchana wateja wamejaa. Asubuhi mwenye duka yupo na hajachoka, na hana sababu ya kukufokea ili wateja wengine waone yeye mkali. Omba kuongea na mwenye mali sio kijana, kijana hana mamlaka ya kutoa friza nyingine hata akitaka. Nenda na mtu mmoja mtulivu anayejua kunyamaza, atakuwa shahidi wako. Na friza usiibebe siku ya kwanza. Nenda na picha, siriali, muamala na video fupi inayoonesha iliwaka masaa mangapi na maji ndani bado ni maji. Ukiibeba bila makubaliano utalipa kirikuu kwenda, watakwambia iache tuiangalie, utaiacha, na sasa huna friza, huna risiti, na huna hata uthibitisho kwamba uliiacha. Nimewaona wateja waliofika hapo na kwakweli ndo kesi ngumu kuliko zote. Siku utakayoipeleka usitoke pale bila karatasi, hata ya daftari, imepokelewa friza aina fulani siriali fulani tarehe fulani kwa ajili ya matengenezo au kubadilishwa, na sahihi na jina la aliyepokea. Wakikataa kuandika, ipige picha ikiwa ndani ya duka lao na wao wakionekana, na watumie meseji palepale kuwajulisha umeiacha.

Atakupa moja kati ya mambo matatu. Hela yote kurudi ndo unayoitaka moyoni, na kisheria una hoja nzuri ya kuidai, lakini nikwambie ukweli, kwa mfanyabiashara mdogo ile hela imeshageuka mzigo mwingine, atakupiga tarehe, wiki hii wiki ijayo, na wewe una wateja wa barafu wanaohama. Kubadilishiwa nyingine ndo ningekushauri uilenge, inamuuma kidogo kwa sababu atairudisha mbovu kwa aliyemletea, na wewe kesho unafanya kazi. Ukibadilishiwa iwashwe pale dukani uone inapoa, nakili siriali mpya, na hii safari lipia risiti ya EFD hata kama atasema uongeze tofauti, muongee mgawane. Kutengenezewa ndo watakaloanza nalo karibu wote. Sio la kukataa papo hapo, friza ya rilei iliyokufa ikibadilishwa rilei ni nzima kabisa, lakini kubali kwa masharti, gharama zote zake pamoja na usafiri, siku zitajwe, na ikirudia tena ibadilishwe, na hayo yaandikwe kwenye meseji. Kama wakifungua ikaonekana ni kompresa au uvujaji wa ndani ya ukuta, mimi nisingekubali kutengenezewa kitu cha siku tisa, ningesisitiza nyingine.

Kama umeandika, umeenda, na siku saba zimepita hakuna kitu, hapo usiendelee kubembeleza peke yako. Peleka malalamiko FCC, wana ofisi Dar es Salaam, unaandika maelezo yako na kuambatanisha picha na muamala, na mara nyingi muuzaji akisikia ameitwa na Tume anakaa mezani. Ukiona friza inapiga shoti au ilitoa moshi, usisubiri hizo siku saba, izime kabisa, watoto wasiiguse, na peleka taarifa FCC na TBS, shirika la viwango, moja kwa moja, hilo limeshakuwa la usalama. Kama Tume haijatatua, mahakama ya mwanzo ya eneo lile inasikiliza madai ya kiasi kama hiki, kwa Kiswahili, na watu wengi wanajisimamia wenyewe. Kabla ya kufungua kesi kaa na mtu uso kwa uso aione friza yako na meseji zako, mimi hapa nimesoma upande wako tu. Msaada wa kisheria kwa asiye na uwezo upo kwa sheria ya mwaka 2017, na Dar kuna TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wote wanapokea watu wa hali kama yako. Nenda na nakala, asilia ubaki nazo.

Nafasi yako naionaje? Ya kubadilishiwa au kutengenezewa kwa gharama zake, nzuri, kama hukutumia kisu na meseji itatoka leo. Ya hela yote mkononi kabla ya mwezi ujao, ndogo, hata ukishinda inaweza kuchukua muda. Kwahiyo kikoba usikitegemeze kwenye hili. Ongea na mweka hazina wiki hii, sio siku ya marejesho, muoneshe picha na hiyo meseji uliyomtumia muuzaji, uombe rejesho la kwanza lisogezwe au lianze dogo. Na kama kuna jirani mwenye friji yenye nafasi, muombe hata droo moja kwa wiki mbili, umchangie luku, wateja wako wa ubuyu wasikusahau.